Habari Iliyokatwa

Alhamisi hiyo kengele ya chakula cha mchana ililia na wanafunzi hawakukimbia. Hilo ndilo lililomshtua Edinah Nasimiyu. Kwa miaka minane aliyopika katika shule ile, kengele ya saa saba kasoro robo ilifuatwa kila siku na kishindo cha viatu na mlio wa sahani za bati. Siku hiyo walisimama nje ya bwalo, wamebanana mbele ya ubao wa matangazo, walio nyuma wakiruka ili waone juu ya mabega ya wenzao.

"Soma kwa sauti, bana!" mmoja alipiga kelele.

"Ati ng'ombe wake hawezi mpa!"

Kicheko kikapanda. Edinah akaweka upawa chini, akamgeukia mwenzake. "Wacera, hawa wanaangalia nini?"

"Si ni gazeti la klabu," Wacera alisema huku akikoroga sufuria. "Leo ni Alhamisi."

Alhamisi ilikuwa siku ya vilabu. Shule yenyewe ilikuwa ndogo, ya mseto, mwendo wa nusu saa kwa miguu kutoka Kanduyi, na haikuwa na mengi ya kujivunia: haikuwa na maabara ya maana wala basi. Lakini vilabu ilikuwa navyo. Ikifika saa kumi, Klabu ya Drama ilifanya mazoezi chini ya tangi la maji, Maskauti wakafunga kamba kwenye milingoti ya goli, wa Msalaba Mwekundu wakawafunga bendeji watu wasio na jeraha lolote, na Klabu ya Wakulima Chipukizi wakapalilia sukuma wiki na kabeji zao nyuma ya vyoo. Klabu ya Uandishi ndiyo iliyotoa gazeti la ukutani kila baada ya wiki mbili. Kwa kawaida lilikuwa na matokeo ya kandanda, vitendawili, na majina ya waliozaliwa mwezi huo. Katibu wa klabu hiyo alikuwa Jentrix Nafula wa kidato cha tatu, binti wa Edinah.

Edinah alitoka jikoni akijifuta mikono kwa aproni. Wanafunzi walipomwona walimpisha, na kule kupishwa kukamtia baridi. Aliishia darasa la saba, lakini Kiswahili alikisoma vizuri. Kanisani ndiye aliyepewa somo la kwanza karibu kila Jumapili. Alikisoma kichwa cha habari: *Tunakula Nini?* Akateremka hadi katikati.

*Mpishi mmoja wa shule hii alisema: "Maharagwe haya yamekaa ghalani mpaka yamesahau shamba. Ng'ombe wangu singempa. Nimemwambia mwenye stoo mara tatu, na kila mara ananiambia nioshe tu, fukusi wataelea."*

Chini kabisa, kwa mwandiko aliouona kila siku juu ya meza ya nyumbani kwake, palikuwa na jina la bintiye.

Maneno yalikuwa yake. Aliyasema Jumapili jioni, amevua viatu, akimenya viazi kwa meko yake mwenyewe. Wapishi wa shule walikuwa wanne, lakini ni mmoja tu aliyekuwa na mtoto katika Klabu ya Uandishi. Kuandika "mpishi mmoja" hakukumficha mtu yeyote.

"Mama, ni wewe?" msichana mmoja aliuliza, bila ubaya.

Edinah aligeuka. Alirudi jikoni akashika upawa, akaanza kupakua.

Aliitwa ofisini saa nane. Hakupewa nafasi ya kubadilisha aproni, akaingia nayo ikiwa imelowa na kunuka moshi. Viti vilikuwa vitatu. Kimoja kilikaliwa na mwalimu mkuu, Madam Chelangat. Cha pili na Bwana Masibo, mwenye stoo. Cha tatu na Mwalimu Kigen, mlezi wa Klabu ya Uandishi. Kigen aliinuka nusu kumpisha, lakini Madam akaanza kuzungumza, naye akarudi kukaa. Jentrix alikuwa amesimama karibu na kabati la mafaili.

Madam Chelangat hakuwa mtu mbaya. Alikuwa katika mwaka wake wa pili tu katika shule ile, na alikuwa ameikuta na madeni katika kila duka la Bungoma. Wiki mbili baadaye halmashauri ya shule ilikuwa ikutane, na hakutaka kusomewa habari ya fukusi na mzazi aliyeisikia sokoni.

"Mama Jentrix," alisema, "sina maneno mengi. Gazeti linasema mpishi alisema. Mtoto anasema mpishi huyo ni wewe. Ulisema au hukusema?"

Edinah alimtazama bintiye. Jentrix hakuwa na woga hata kidogo. Alikuwa amesimama wima, macho yake yametulia kama ya mtu anayemngojea shahidi wake. Hakuona hata njia ya pili ambayo mama yake angeweza kujibu.

Edinah aliiona. Mtoto wa mfanyakazi alilipa nusu ya karo pale. Mfanyakazi akifutwa, nusu hiyo ingerudi kuwa nzima, na mume wake alikuwa fundi wa baiskeli. Akawaza pia juu ya Masibo, anayeandika nani amefika kazini na nani amechelewa.

"Sikusema, Madam."

"Mama!" Jentrix alisema.

"Nyamaza," Madam alimwambia.

Masibo akacheka kidogo, akainua mikono. "Si nilisema? Watoto wa siku hizi. Akitaka jina, anachukua la mamake."

Mwalimu Kigen aliangalia sakafu. Katibu wa ofisi akapewa kazi ya kuchapa mistari mitatu: kwamba Edinah Nasimiyu hajawahi kulalamika juu ya chakula, na kwamba maharagwe ya shule ni mazuri. Edinah aliweka sahihi. Kalamu ilikwama kwenye karatasi iliyoloweshwa na kidole chake, ikabidi arudie herufi ya kwanza.

Hukumu ya Jentrix ilitolewa hapo hapo. Ijumaa ya wiki iliyofuata angesimama kwenye paredi aombe msamaha kwa kuandika uongo. Klabu ya Uandishi ingefungwa, na ile safari ya Kitale, kwenye mashindano ya vilabu vya shule, ikafutwa.

Jentrix alitangulia nyumbani. Edinah alipofika alimkuta amekwisha kuwasha moto, ameteka maji, amemwosha mdogo wake Joy miguu. Alifanya kila kitu isipokuwa kumtazama mama yake.

Wepukhulu, mume wake, alirudi na mikono ya grisi. Habari ilikuwa imemfikia kazini; mtu mmoja aliyeleta gurudumu la kuziba alikuwa amemwuliza, "Wewe ndiye bwana wa yule mpishi wa wadudu?" Alikaa, akaomba chai, akameza mara mbili kabla ya kusema.

"Mama Jenti, umeambiwa nini huko?"

"Niliulizwa kama nilisema. Nikasema sikusema."

"Ulifanya vizuri. Ukweli haulipi karo."

"Papa!" Jentrix aligeuka. "Alisema! Wewe ulikuwa hapa, ulisikia. Joy alisikia. Sasa mimi ndiyo mwongo? Shule nzima inaniita mwongo. Derrick ni chairman, yuko form four, hiyo Kitale ilikuwa ya mwisho kwake. Ameniambia nimeua klabu."

"Nilisema hapa," Edinah alisema. Sauti yake ilitoka ndogo kuliko alivyotaka. "Kwa jiko langu. Nilikuwa naongea na bwana yangu. Sikuwa naongea na ubao."

"Lakini ni kweli!"

"Ni kweli, ndiyo. Lakini ni ya nani?"

Jentrix alikuwa ameandika ile habari kwa sababu moja ambayo hakuwa amemwambia mtu. Kwa muhula mzima wasichana wa bweni walikuwa wakimwonyesha fukusi kwenye sahani zao. "Jenti, mwambie mamako asante kwa nyama." Alitaka wajue kwamba mama yake hakuwa mchafu, kwamba alikuwa amepigana, mara tatu, akashindwa. Alikuwa ameandika ili kumtetea. Sasa hakujua jinsi ya kulisema hilo bila kulia, kwa hiyo akachukua ndoo akatoka nje, ingawa maji yalikuwa yamejaa.

Jumapili baada ya kanisa, Mwalimu Kigen alikuja kwa baiskeli. Alikuwa kijana wa upande wa Kitale, mrefu, mwenye aibu, na alikuwa hajawahi kuingia nyumba ya mpishi wa shule. Wepukhulu alimpa kiti chenye mto. Edinah alileta chai na viazi vitamu, akasimama mlangoni.

"Mama, keti tafadhali," Kigen alisema. "Nimekuja kwako."

Akaketi.

"Kosa ni langu. Ile habari niliisoma kabla haijabandikwa. Nilifurahi sana. Miaka miwili wananiandikia matokeo ya mpira, halafu siku moja mtoto ananiletea kitu kama kile." Alizungusha kikombe. "Sikumwuliza jambo moja tu: huyu aliyesema, anajua kwamba anaandikwa? Hiyo ndiyo kazi ya mlezi. Sikuifanya."

Jentrix alikuwa nyuma ya pazia la chumbani. Walimwona miguu.

"Na pale ofisini," Kigen aliendelea, "ningesema kitu. Sikusema pia."

"Hata wewe una mkubwa wako, mwalimu," Edinah alisema.

"Ndiyo."

Wepukhulu akauliza kama mnyororo wa baiskeli haulegei. Kigen akasema unalegea. Wakatoka nje wawili kuuangalia, na wote wawili walionekana kufurahi kupata kitu cha kushika. Edinah alibaki akilitazama lile pazia. Alitaka kumwita mtoto aje ale kiazi. Hakumwita.

Jumatano asubuhi Bwana Masibo alimletea gunia jipya. Kwa kweli lilikuwa la zamani kuliko yote. Edinah alipolifungua, vumbi jeupe lilimrukia usoni, na alipochota kikombe kimoja akakimwaga kwenye uteo, uteo ulitembea.

Maharagwe mapya yalikuwa bado shambani, mwezi mmoja hivi yavunwe. Masibo aliyapata haya kwa bei rahisi kutoka ghala moja la Kitale, na katika mkutano uliopita wa halmashauri alipongezwa kwa kuiokolea shule fedha. Hakuwa mwizi. Alikuwa mtu aliyesifiwa mara moja maishani, na hakutaka sifa hiyo irudi ikiwa na wadudu.

"Bwana Masibo, haya hapana," Edinah alimwambia. "Angalia. Hata ukiosha mara kumi."

Masibo hakuangalia. "Mama, wewe ulisema maharagwe ni mazuri."

"Nilisema hayo ya…"

"Uliweka sahihi. Iko kwa faili. Sasa pika."

Akaondoka akipiga mluzi. Wacera aliangalia upande mwingine. Edinah alisimama kwa muda mrefu na uteo mkononi, kisha akaanza kuosha. Aliosha mara saba. Maji ya saba yalikuwa na rangi ya chai.

Saa saba alipakua. Alipomaliza alitoka na kitambaa kupangusa meza, na kwenye meza ya mwisho akamkuta msichana mdogo wa kidato cha kwanza, jina lake Jepchumba, amebaki peke yake. Mtoto alikuwa akiokota fukusi mmoja mmoja kwa ncha ya kijiko na kuwapanga kwenye ukingo wa sahani. Hakukunja uso. Alikuwa akifanya polepole, kama mtu anayechambua mboga.

"Usile hiyo," Edinah alimwambia. "Wacha nikutafutie ugali jikoni."

"Ni sawa, Mama," mtoto alisema kwa adabu. "Tuliambiwa si mbaya. Madam alisema hata mpishi mwenyewe ameandika."

Edinah alipangusa meza ile ile mpaka yule mtoto alipoondoka. Kisha akaketi pale alipokuwa ameketi mtoto, kitu ambacho wapishi hawakuruhusiwa kufanya, akajifunika uso kwa aproni.

Alhamisi asubuhi hakuwasha moto. Alichota maharagwe kwenye uteo, akayafunika kwa kitambaa, akaenda ofisini. Katibu wa ofisi alimwambia Madam ana mgeni, angoje nje, na hicho kitu asiingie nacho. Alingoja kwenye benchi la wazazi, uteo magotini, kwa muda wa vipindi viwili. Walimu walipita wakimsalimu bila kusimama. Mara mbili Wacera alituma mtu.

"Mama, anauliza moto."

"Mwambie auache."

Mgeni alipotoka, Edinah aliinuka kabla ya kuitwa. Aliingia na uteo wake, akauweka juu ya meza, juu ya karatasi za mwalimu mkuu, akafunua.

"Mama Jentrix, ni nini hii?"

"Ni chakula cha mchana, Madam."

Madam Chelangat alisogeza kiti nyuma. Kisha, polepole, akachukua kalamu, akageuza punje moja, na nyingine. Zilikuwa tupu ndani kama vibanda vilivyohamwa.

"Nilisema," Edinah alisema. "Siku ile uliniuliza. Yale maneno ya gazeti ni yangu, yote. Mtoto hakuongeza hata moja. Nilikana kwa sababu niliogopa."

"Uliweka sahihi."

"Ndiyo. Ni sahihi yangu, na ni uongo wangu. Mtoto asisimamishwe kesho kwa ajili yake."

"Kwa nini sasa? Kwa nini si siku ile?"

Edinah alitafuta maneno. Alikuwa ameyapanga tangu alfajiri lakini yalikuwa yametawanyika. "Zamani nilikuwa napika nikiwa nimekataa moyoni," alisema. "Nilikuwa nalialia kwa Masibo, lakini nilikuwa nimekataa. Jana nilipika nikiwa nimekubali. Kuna mtoto alinitajia sahihi yangu akiwa anakula wadudu. Siwezi, Madam. Kama ni kazi, wacha iende."

Mwalimu mkuu aliutazama uteo. "Lakini mimi hula hapa. Nakula maharagwe hayo hayo kila Jumanne. Sijaona kitu."

"Ya walimu hutoka gunia lingine, Madam."

Mwalimu mkuu aliweka kalamu chini. Akaagiza Masibo aitwe. Masibo alikuja, akaona uteo, jasho likamtoka puani. Akasema bei ilijulikana, akasema halmashauri ilimpongeza, na Madam mwenyewe alipiga makofi. Yote yalikuwa kweli. Madam Chelangat alisikiliza mpaka mwisho, kisha akainuka akafunga mlango, na Edinah akaambiwa aende akawashe moto wa ugali.

Hapakuwa na mboga. Mwalimu Kigen ndiye aliyekimbia darasani kwa Wakulima Chipukizi, na nusu saa baadaye wanachama kumi na wawili walikuwa nyuma ya vyoo wakikata kabeji zao zote, zile walizokuwa wakizitunza kwa maonyesho. Shule ilikula saa nane na nusu.

Jioni hiyo Edinah na Jentrix walienda pamoja nyumbani. Wacera alikuwa amekwisha kumwambia Jentrix kila kitu, na zaidi.

"Mama."

"Mm."

"Nilichukua maneno yako bila kuomba. Hata kama ningekuomba ungekataa, ningefaa kuomba."

"Ningekataa, ndiyo."

"Nilitaka waache kukucheka."

Edinah alisimama. "Kunicheka nani?"

Jentrix akamwambia, yote, muhula mzima, sahani na "asante kwa nyama". Aliongea akiangalia mashamba ya miwa. Mama yake alisikiliza, kisha akamtoa vumbi begani, ingawa hapakuwa na vumbi la kutoa, na mkono ukabaki pale.

"Na mimi nilikuita mwongo mbele ya watu," alisema. "Mtoto wangu wa tumbo. Hilo nimekosa, Jenti."

Ijumaa kwenye paredi Madam Chelangat alitangaza kwamba kulikuwa na mwanafunzi aliyetakiwa kuomba msamaha, na kwamba hataomba. Hakusema kwa nini. Alisema pia Klabu ya Uandishi imefunguliwa na inaweza kwenda Kitale kesho yake, maana nafasi yao ilikuwa bado ipo; ila ile habari ya chakula ikatwe kwenye gazeti, kwa sababu jambo hilo "limeshughulikiwa ndani". Neno pole halikutoka. Lakini mchana wanafunzi walikula dengu safi, na mwalimu mkuu alikuja bwaloni akapanga foleni kama mtu yeyote, sahani mkononi, akapakuliwa kutoka sufuria ya wanafunzi.

Walienda Kitale wanane na Mwalimu Kigen. Ukumbi wa mashindano ulijaa shule kubwa zenye magazeti ya rangi, yaliyochapwa kwa kompyuta. Lao lilikuwa karatasi ya manila iliyoandikwa kwa mkono, na katikati yake palikuwa na tundu la mraba, kama dirisha. Kigen alikuwa amekata habari kwa wembe kama alivyoagizwa. Wakati wa kujaza nafasi haukuwapo, na labda hakuutafuta sana.

"Tutachekwa," Derrick alisema. Tangu wiki iliyopita hakuwa amemwongelesha Jentrix. Hata sasa alikuwa akiliambia lile gazeti.

Jaji aliyefika mezani kwao alikuwa mama wa makamo, mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba. Alisoma matokeo ya kandanda. Alisoma vitendawili. Kisha akapitisha kidole chake ndani ya tundu.

"Hapa palikuwa na nini?"

Wanachama wakaangaliana. Mwalimu Kigen alikuwa mbali, upande wa ukuta. Sheria zilikataza walezi kujibu.

"Palikuwa na habari ya chakula cha shule," Jentrix alisema. "Ilikuwa kweli. Lakini niliandika maneno ya mtu bila kumwambia, na yeye ndiye aliyeumia. Mimi ndiye niliyeandika."

"Na nani aliikata?"

Jentrix alifikiri. Angeweza kumtaja mwalimu mkuu. Ukumbi mzima ungesikia. "Chakula kimebadilishwa," alisema hatimaye. "Huyo aliyesema ndiye aliyekibadilisha."

Jaji aliandika kwa muda mrefu kwenye daftari lake. Kombe lilienda kwa shule ya wasichana ya Trans-Nzoia, na la pili na la tatu kwa wengine. Wakiwa wanakunja gazeti, Derrick alishika upande mmoja, Jentrix upande wa pili.

"Umejibu poa," Derrick alisema. "Mimi ningemtaja."

Jumatatu Edinah alipata barua. Kwa kuweka sahihi kwenye maelezo ya uongo, alikuwa amepewa onyo, na ametolewa jikoni kuwa mfagiaji. Mshahara ulipungua, ingawa si sana. Nusu ya karo ilibaki, kwa kuwa alikuwa bado mfanyakazi. Bwana Masibo hakuandikiwa barua yoyote; aliambiwa tu anunue kwingine.

Wepukhulu aliisoma mara mbili, akaikunja. "Aliyenunua amebaki na funguo za stoo," alisema. "Aliyesema amepewa ufagio." Kisha akakumbuka aliyoyasema siku ile juu ya ukweli na karo, na kwa vile hakuwa mtu wa kuomba msamaha kwa mdomo, akatoka nje akakata tawi la mkaratusi, akalichonga, akamtengenezea mke wake mpini mrefu wa ufagio ili asiiname.

Siku za kwanza zilikuwa ngumu. Jikoni alikuwa mkubwa, watu walimwomba. Uani, na ufagio mkononi, hata wa kidato cha kwanza walitupa maganda ya ndizi nyuma yake bila kuona. Mwalimu mmoja alimwonyesha kwa kidole, bila neno, mahali palipobaki majani. Usiku mgongo ulimuuma mahali ambapo haukuwa umewahi kumuuma.

Alhamisi iliyofuata, saa kumi, alikuwa akifagia bwalo peke yake. Jentrix akaja mbio, akaweka vitabu mezani, akachukua ufagio wa pili uliokuwa pembeni.

"Unafanya nini?"

"Bwalo ni kubwa, Mama. Tumalize pamoja."

"Leo si Alhamisi?"

"Klabu inaweza kungoja."

Edinah alimnyang'anya ule ufagio. Hakufanya kwa upole. "Sikuleta maneno yale ofisini ili wewe uje kufagia. Nenda. Watu wako wamekaa."

Jentrix alisimama kidogo, akachukua vitabu vyake, akaenda. Edinah alimaliza bwalo. Akafagia ngazi, na njia ya mawe, na baraza la madarasa ya kidato cha tatu. Kwenye darasa la mwisho dirisha lilikuwa wazi. Ndani, watoto kumi hivi walikuwa wamevuta madawati kwenye duara, na sauti ya binti yake ilikuwa ikisoma rasimu ya kitu fulani kuhusu maji ya kisima, polepole, ikisimama kila baada ya mstari ili wengine wabishane.

"Nani alikwambia hiyo?" Derrick aliuliza.

"Mlinzi wa lango."

"Umemwomba?"

"Nimemwomba. Amesema atafikiria. Kwa hivyo, hiyo sehemu iko tupu kwanza."

Baraza lilikuwa limekwisha. Edinah alirudi mwanzoni pake, akashika mpini vizuri, akalifagia tena.